Deolinda na Hotuba ya Padre

...na lango hili, wapendwa, lilitangulia mnara, Padre Abílio alikuwa akisema, kama asemavyo kila sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, na Deolinda akatikisa kichwa kuitikia huku hasikii kitu, maana nyuma kabisa, chini ya roshani ya waimbaji, wanaposimama wanaume tangu enzi za mababu, mtu alikohoa, na kikohozi hicho kilikuwa cha Libânio, kikohozi cha mtu anayengoja jibu... lo, mtu mzima kumtia mwenzake mashakani hivi, na ilikuwa Alhamisi tu, wamepangiwa zamu, yeye na Libânio, ya kufuta vigae vya buluu ukutani, yeye chini na kitambaa, mwanamume juu ya ngazi, mara sauti ikashuka kutoka huko huko juu, "Deolinda, tuoane, kabla magoti yetu hayajakataa kupigwa mbele ya padre," naye akacheka, akacheka mpaka kitambaa kikamponyoka, na Libânio akateremka mwekundu kama pilipili, "Haya, cheka! Jibu nipe Jumapili, la sivyo nakwenda Ufaransa kwa binti yangu, nikazeeke na mbwa wake"... na leo ndiyo Jumapili, jamani, hakuwa akimcheka yeye, ilikuwa furaha, lakini furaha iliyofungiwa miaka mingi haitoki kwa adabu... na Germano je, marehemu mume wake, aliyebatizwa kwenye lile birika la mawe pale mlangoni, akaoa hapa, akatolewa hapa na jeneza, angesema nini? Angeuliza chakula kiko wapi, Mungu amrehemu...

"Wifi, unatabasamu nini?" Ermelinda, dada wa marehemu, kiwiko kwenye ubavu wake, "watu wamekufa kwenye tetemeko huko, wewe unatabasamu!" na kweli, padre ameshafika kwenye tetemeko, mnara ukaanguka, watu wakalia, wakapangusa machozi, wakaokota mawe yaleyale wakaujenga tena, mfupi kidogo, umeinama kidogo, na altare hii ya dhahabu, wapendwa, ilikuja karne na karne baada ya lango... karne na karne! na nani amewahi kusimama pale akasema dhahabu imechelewa, malaika wale wanono, mizabibu ile inayopanda nguzo, ndani ya jengo zee la mawe meusi, hata mawe yenyewe hung'aa jua likiingia... lakini watu watasema, watu wa hapa, ndimi zao, na huyu Ermelinda wa kwanza, bora ajue sasa, hapa hapa, mbele ya Mungu hatapiga kelele, "Wifi, Libânio ameniposa."

Ermelinda hakugeuza hata shingo. "Najua. Mwokaji mikate kaniambia Ijumaa. Kijiji kizima kinakungoja wewe tu."

"Na kaka yako?"

"Kaka yangu yuko mbinguni, anakula na kushiba. Wewe ndiye unayepika samaki wa chumvi kipande kimoja kama paka."

...kipande kimoja, ee Mama Maria, ndivyo hasa, na ile hofu yote, kumbe ilikuwa yake peke yake, hakuna aliyemsaidia kuibeba, na Deolinda akageuka, mwili mzima, jambo ambalo mwanamke hafanyi kanisani hotuba ikiendelea, akamtazama Libânio machoni mpaka yule bwana akaivua kofia ambayo hakuwa ameivaa... padre sasa alikuwa kwenye kengele, ya kwanza ilivyopasuka, ya pili ilivyoletwa na ng'ombe, wala hakuwa na dalili ya kumaliza, na Deolinda akamwomba Mungu amfupishie padre maneno, maana yeye alikuwa na neno moja tu, na lilikuwa limeshamjaa mdomoni.