Sekunde Zilizorefuka

Mjukuu alikuwa ameapa kwamba leo ndiyo leo. Nafasi ya kuiwakilisha klabu kwenye mashindano makubwa ilikuwa moja tu, na aliyemzibia njia ni bibi yake mzaa mama, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye pale klabuni hakuna aliyewahi kumshinda.

Shindano lenyewe halikuwa na mambo mengi: kompyuta ya nani itawahi kumaliza kukokotoa tarakimu za pai. Kasi ya prosesa, ubongo wa kompyuta, ni mpigo wake wa msingi ukizidishwa kwa kizidishi. Prosesa ya bibi ilitoka kiwandani na kizidishi kilicho wazi, kwa hiyo yeye alipandisha namba moja tu, mambo yakanyooka. Ya mjukuu ilikuwa imefungwa. Ilimbidi apandishe mpigo wenyewe, na mpigo ukipanda unaburuta kila kitu, kumbukumbu na diski na mengineyo, mpaka mashine igome.

"Mke mwenzangu," alisema bibi, ambaye alishamaliza zamu yake na ndiye aliyekuwa akiongoza, "kilichofungwa kimefungwa. Njoo ukae tunywe maji."

"Kunywa wewe, bibi. Leo nakunyang'anya mume na nafasi."

Watu wakacheka. Mjukuu akawasha mashine, mpigo ukiwa juu kuliko alivyowahi kuthubutu, na ikawaka! Furaha ilimpanda hadi masikioni. Kisha akaona joto linavyokimbilia juu, roho ikamruka. Akaushusha mpigo kidogo hapo hapo, bila kuzima, ndipo akaanza. Feni zikavuma. Majibu yalipotoka, kioo kilionyesha muda ambao hakuna mwanachama aliyewahi hata kuuota.

Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Katibu wa klabu alikuja mkono mbele kumpongeza, na bibi, pamoja na kushindwa, alipiga makofi kuwashinda wote. Mjukuu aliruka, akakumbatia kila aliyekuwa karibu. Alikuwa amemshinda bibi yake na alitaka dunia nzima ijue.

Halafu akaacha kuruka. Si alishusha kasi? Mashine iliyopunguzwa kasi inakimbiaje zaidi? Akatazama saa kwenye kona ya kioo, akatazama na ya ukutani. Mshale wa ukutani ulikuwa ukitangulia, sekunde za kompyuta zikijikokota nyuma. Akaelewa. Ilipowaka, kompyuta ilijifunza urefu wa sekunde kwa mpigo ule wa juu. Mpigo uliposhuka, sekunde zake zikarefuka, na kwa sekunde hizo hizo ndefu ikajipimia, ndiyo maana muda ulionekana mfupi.

Hakuna mwingine aliyegundua. Nafasi alikuwa nayo mkononi, na aliitaka hadi machozi yakamlengalenga.

"Katibu, futa," alisema. "Saa ya mashine yangu inadanganya. Nipimeni kwa simu."

"Dada, umeshashinda. Unajitafutia nini?"

"Nipimeni. Bibi ana simu."

Bibi aliinuka. Alivaa miwani, akafungua saa ya kupimia kwenye simu yake, akaja kusimama nyuma ya kiti. Mjukuu akazima, akawasha upya, mpigo ukiwa kule kule juu, na safari hii akaapa kutougusa. Wakaanza.

Joto likapanda likapita pale lilipomtisha mwanzo. Vidole vilimwasha kutaka kushusha, akavikalia. Hofu ilishamwishia, alikuwa akifurahia tu, akiihimiza mashine kimoyomoyo, twende, twende. Kioo kilicheza mara moja, watu wakashika vichwa, kikatulia. Tarakimu zikafika mwisho. Bibi akabonyeza simu.

Akaiangalia. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaangalia tena. Simu alikuwa ameikumbatia kifuani na hakuna aliyeweza kuchungulia.

"Ni mbaya kuliko ule muda wa uongo," alisema. "Mbaya sana."

Mjukuu aliinamisha kichwa.

"Ila mimi umenipita. Kiduchu, kiduchu cha kunitia uchungu." Sauti ilimkwaruza, akamnyooshea katibu simu. "Mwandike huyu mwizi wa waume, haraka, kabla sijabadili mawazo."