Kifua Kikuu cha Kweli

Kijijini kwetu Karaçalı hakuna aliyewahi kufa kwa saratani. Hivyo ndivyo ungeamini kama ungewauliza wafiwa. Satı, mke wa mwoka mikate, alikufa kwa kifua kikuu. Durali alikufa kwa kifua kikuu. Hata wale ndugu wawili walioishi upande wa juu wa kisima, kifua kikuu.

Ukweli ni kwamba wote waliuawa na udongo mweupe. Tuliuchimba kilimani, tukaukoroga na kupaka kuta kila baada ya majira ya baridi. Tukauchekecha na kuupasha moto, tukawafungia watoto wachanga katika nepi ili wasilowe. Udongo ule una asbesto. Vumbi lake hutulia mapafuni miaka thelathini, arobaini, kisha utando unaolizunguka pafu huota saratani ambayo madaktari huiita mesotelioma. Nayo haina dawa ya kuiponya. Mgonjwa haambiwi. Desturi yetu ni kwamba jamaa hulipokea jina la ugonjwa mlangoni, hulimeza, kisha huingia chumbani wakitabasamu na jina jingine.

Mimi sikuikubali desturi hiyo. Nilisoma shule ya bweni, mahali ambapo mtu aliulizwa swali akiwa amesimama na kulijibu akiwa amesimama. Durali aliponiuliza ana nini, nilimjibu. Aligawa shamba lake, akapatana na kaka yake, akafa. Wanawe hawajanisalimu hadi leo, na sijawaomba salamu.

Kwa hiyo dada yangu Zeliha alipojaa maji kifuani, akalazwa hospitalini mjini Eskişehir na kukatwa kinyama cha utando ili kipimwe, aliniita mimi badala ya mwanawe.

"Nazmi, kaa hapa. Bekir atanidanganya. Ni mtoto mwema, atanidanganya kwa mapenzi. Wewe huna mapenzi ya namna hiyo."

"Ahsante, dada."

"Usinishukuru, nakusema! Walikupeleka bweni ukiwa mtoto, wakaturudishia mpini wa jembe. Haya, leo mpini una kazi. Jibu likitoka, jina lake nitalisikia kwako."

"Utalisikia."

"Hata likiwa lile?"

"Hata likiwa lile."

Alinitazama kidogo, akafumba macho. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa shuka, wala haukuuachia.

Bekir alikuwa akinisubiri kwenye ujia, hajanyoa, kola imekaa upande.

"Mjomba, mke wangu ana binamu maabara. Nikimpigia, jibu tunalo kabla ya chai."

"Waliokaa kwenye benchi hili nao wana mama zao. Tutasubiri zamu."

"Zamu! Mama anakufa, wewe unapanga foleni!"

"Hatujui kama anakufa. Ndilo tunalolisubiri."

Akakaa kando yangu akinuna. Baadaye, kwa sauti ya chini, "Mjomba, nakuomba. Likiwa lile, usimwambie. Atazimika siku hiyo hiyo."

"Nimekwisha kumpa neno langu."

"Neno lako, neno lako! Watu hawaishi kwa neno lako, mjomba."

Sitasema kwamba sikuogopa. Niliwahesabu waliotutangulia kwenye benchi, kisha nikawahesabu tena.

Daktari Ferhan alitoka zamu yetu ilipofika, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyosukumwa juu ya nywele. Alitupeleka pembeni.

"Ni kifua kikuu," alisema.

Bekir akaitikia kwa kichwa, kwa utii. "Sawa, daktari. Hilo ndilo tutakalomwambia yeye. Sasa tuambie sisi."

"Nimewaambia ninyi."

"Ndiyo, tumeelewa, tutamwambia hivyo. Lakini ugonjwa wenyewe?"

"Ndugu yangu, ugonjwa wenyewe ni kifua kikuu. Kimeshika utando wa pafu. Saratani tumeitafuta, hatukuiona. Tiba ni vidonge, miezi sita. Na wajukuu zake wote waletwe wapimwe."

Bekir alikaa chini, pale pale sakafuni, katikati ya njia ya watu, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. Mwuguzi mmoja ilibidi amruke. Mimi nilibaki kumsikiliza daktari, kwa kuwa alikuwa hajamaliza.

Nilipofika chumbani, Bekir alikuwa amekwisha kunitangulia na kuharibu kila kitu. Alikuwa akimbusu mama yake mikono na kupiga kelele, "Kifua kikuu, mama! Alhamdulillahi, kifua kikuu!"

Zeliha alikuwa amegeukia ukuta.

"Haya, mwanangu," alisema taratibu. "Satı naye aliambiwa hivyo. Mumewe alicheka vivyo hivyo, hata meno yote yakaonekana."

"Wallahi, mama! Nife mimi kama nakudanganya!"

"Usiape, mtoto wangu. Waliapa wote. Niitie Nazmi."

"Nipo, dada."

Akageuka kwa shida. Uso wake ulikuwa umefifia kama wa mtu aliyekwisha kuaga.

"Sema."

"Ni kifua kikuu."

"Durali ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ana saratani, na kwamba mavuno hatayaona."

"Na mimi?"

"Wewe utayaona. Utameza vidonge miezi sita. Vitakuchefua, na mkojo wako utakuwa mwekundu."

"Mkojo mwekundu?"

"Mwekundu kama maji ya karoti. Daktari amesema usishtuke."

Alinikazia macho. Kisha pembe za mdomo wake zikaanza kucheza.

"Hilo hukulitunga wewe," alisema. "Huna kichwa cha kutunga kitu kama hicho." Akacheka, kicheko kikakatwa na kikohozi, na kikohozi kilipopita alikuwa analia, naye Bekir analia, na mimi nikaenda kurekebisha pazia ambalo halikuwa na kasoro.

"Nazmi. Yaliyobaki?"

"Vumbi la udongo limo mapafuni mwako, picha imeonyesha makovu yake. Lile linaweza kuja siku moja, au lisije kabisa. Kila mwaka utapigwa picha."

"Likija utaniambia."

"Nitakuambia."

"Leo halijaja," alisema, akaachia shuka.

Bekir alimpigia mkewe, Sevim, ili kijiji kipate habari. Alilitaja jina la ugonjwa mara moja tu. Kilio kilicholipuka simuni kilisikika hadi kitanda cha tatu. Jirani mmoja alikwisha kuanza kuwahesabu waliotangulia. Zeliha akampokonya mwanawe simu.

"Sevim! Nyamazeni! Mnanililia nikiwa hai? Ni cha kweli, nakwambia, cha kweli! Nini? Mmeanza kunipakia nyumba udongo, niikute nyeupe? Mwageni udongo huo shimoni ungali umelowa, mfukie! Na kuta msizikwangue, mtatimua vumbi. Nazmi atanunua rangi ya dukani tupake juu yake. Atanunua, ana pensheni. Huniamini? Haya, ongea naye."

Akanisukumia simu. Niliwaambia wanawake wa Karaçalı mmoja baada ya mwingine, nikiwa nimesimama, kwamba dada yangu ana kifua kikuu, na kila mmoja alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa kuliko aliyemtangulia.