Pontiac Iliyofukizwa

Ifahamike kwa Wakenya wote waishio Bowie, Maryland, kwa Watanzania majirani zao, na kwa kiumbe mwingine yeyote mwenye pua, kwamba Jumapili baada ya ibada, saa nane kamili mchana, Bwana Mutai, mzaliwa wa Litein, atalitoa gereji kwa mara ya kwanza gari lake aina ya Pontiac, la mwaka 1967, lililofufuliwa kwa mikono yake mwenyewe, likiwa na rangi ya majani ya chai, viti vipya vya ngozi, na, pale ambapo Wamarekani huweka kikombe cha kahawa, kishikio maalumu cha kibuyu.

Gari lenyewe lilinuka kama maiti.

Na si kwamba hapakuwa na maiti. Mutai alipolinunua mwezi wa Machi kutoka kwa mzee mmoja wa Manassas, alitoa chini ya kiti cha nyuma kiota cha panya kikubwa kama mto wa kulalia. Ndani yake walilala panya kumi na mmoja, wamekauka huku wamekumbatiana. Aliyeshika mfuko wa taka alikuwa binti yake, Jerotich, mwenye miaka kumi na sita. Mkia mmoja ulimkatikia mkononi. Zulia nalo lilikuwa limelewa mikojo ya vizazi na vizazi, na lilipobanduliwa lilitoa sauti ya plasta inayong'olewa kwenye kidonda kibichi.

Jerotich hakuwa mgeni wa kinyaa. Alikuwa amepelekwa miaka mitatu katika shule ya bweni huko Kericho ili afunzwe adabu. Huko alikula maharagwe yenye wadudu, akasugua vyoo vya wasichana mia mbili, na akafunzwa kila kitu isipokuwa adabu. Aliporudi Bowie aliamini amehitimu. Pontiac ikamfungulia chuo kikuu.

Lakini panya walitolewa, sakafu ikachomelewa mabati mapya, kutu ikapigwa msasa, na kufikia Juni gari lilikuwa halinuki ila mafuta na msasa. Hapo ndipo alipoingia Anko Anatoli.

Anatoli alikuwa jirani kutoka Moshi, dereva mstaafu wa ubalozi, mtu mpole aliyekuwa na dosari moja tu: alijisifia pua yake.

"Mzee Mutai, mimi gari nalinusa tu," alikuwa akisema, mikono nyuma kama daktari wa wadi. "Kabla hujafungua boneti, nishakwambia linaumwa nini."

Jerotich aliona ni haki pua kama hiyo itungiwe mtihani. Jumamosi moja alichukua jikoni kibuyu cha mursik, yale maziwa ambayo mama yake huyalaza siku nyingi ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa mpaka yachachuke, akayamimina kwenye tundu za hewa zilizo chini ya kioo cha mbele. Mpango ulikuwa safi: Anko anuse, Anko akosee, watu wacheke, kisha yeye asafishe kwa mpira wa maji.

Anko alinusa. Alifumba macho. Akatoa hukumu.

"Panya. Kuna mmoja mmemsahau."

Jerotich alicheka mpaka akajificha nyuma ya matairi. Alipotoka, baba yake alikuwa ameshaanza kulifunika gari kwa plastiki na magazeti, tayari kwa kupaka rangi. Likakaa hivyo wiki mbili, kwenye joto la Maryland ambalo huivisha hata kivuli, huku maziwa yakiteremka polepole nyuma ya dashibodi, yakitafuta pa kuishi.

Yalipopapata, gari likaanza kunuka upya, naye Mutai akawinda panya. Aling'oa zulia jipya. Aling'oa viti vipya. Alilala chali chini ya dashibodi akitoa ute wa kijivu kwa kijiko, akiuita "uchafu wa panya", na siku moja Julai alipowasha feni, tundu la hewa lilimtemea mdomoni kipande cha ngozi laini, chenye manyoya ya ukungu, na chenye funza mmoja aliyekuwa bado ana mipango ya maisha. Mutai alitapika kwenye ndoo ya msasa. Jerotich alitapika kando yake, kwa heshima. Kila siku aliapa kusema kesho.

Aliyevunja subira alikuwa mama, Chepkirui, muuguzi.

"Baba Jero, harufu imeingia mpaka kwenye sare zangu. Jana mgonjwa ameniomba nifungue dirisha. Mgonjwa wa kidonda!"

"Nipe muda kidogo, Mama Jero."

"Jumapili, saa nane. Likitoka likinuka, yule mzee wa Manassas analichukua. Nimeshaongea naye, anakuja saa tisa."

Mutai hakubishana. Alipokuwa mtoto aliiona Pontiac kama hiyo kwenye kalenda ya kinyozi, na kwa miaka thelathini alikuwa akirudi akilini kwenye kiti cha kinyozi yule ili aitazame tena. Sasa alikuwa na hadi Jumapili.

Jumapili asubuhi hakwenda kanisani. Jerotich alimkuta gereji akiwa na Anatoli, jiko dogo la mkaa, na fungu la vijiti vya senetwet, mti ambao makaa yake husugulia vibuyu, ambavyo shangazi yake alileta kutoka Kericho ndani ya sanduku, vimeviringishwa kwenye soksi.

"Baba, unachoma nyama?"

"Namchoma panya," alisema Mutai. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi bado. "Bibi yako kibuyu kikiharibika alifanyaje? Alikitupa?"

"Alikisugua kwa makaa."

"Basi. Hiki ni kibuyu chenye magurudumu."

"Jamani, kaka," Anatoli alisema taratibu, "kule kwetu Moshi gari tunalipeleka kwa fundi."

"Kule kwenu Moshi hamjui maziwa. Funga madirisha."

Walifukiza saa mbili nzima. Moshi ulijaa ndani mpaka usukani ukapotea. Jirani wa ng'ambo alitoka na simu mkononi, akauliza kama aite zimamoto. Anatoli akampungia mkono kwa tabasamu la kidiplomasia. Saa nane kamili, wageni wakiwa bado njiani, Chepkirui aliingia, bado na gauni lake la kanisani, leso puani. Mutai alifungua mlango wa gari kama mlinda mlango wa hoteli.

Chepkirui aliinama. Alishusha leso. Akavuta pumzi mara moja, kisha mara ya pili, ndefu zaidi.

"Nani amekunywa mursik humu ndani?"

Mutai aliingiza kichwa, akanusa, na uso wake ukalegea. Miezi miwili ulikuwa uvundo tu usio na jina. Moshi wa senetwet ulikuwa umeukamilisha. Sasa kila Mkipsigis angeujua hata akiwa usingizini.

"Ni mimi," alisema Mutai.

"Wewe?"

"Ile siku injini iliponguruma mara ya kwanza. Nilikunywa hapa kwenye usukani, kusherehekea. Lazima nilimwaga. Na miezi yote hii nawasingizia panya wa watu." Alitoa funguo mfukoni, akazitazama, akamnyooshea mkewe. "Mpe yule mzee akija. Nimeng'oa kila kitu, Mama Jero. Siwezi kusafisha mahali nisipopajua."

Chepkirui hakuzipokea mara moja. Zilining'inia kati yao.

"Lakini Baba, haiwezi kuwa wewe," Jerotich alisema haraka. "Ungemwaga kwenye usukani ingeshuka miguuni. Haingepanda mpaka zile tundu za chini ya kioo."

Anatoli alikohoa, kwa upole kama kawaida yake. "Tundu gani, binti yangu? Hapa hakuna aliyetaja tundu."

Watu wazima watatu walimgeukia. Katika bweni la Kericho angekuwa na majibu manne tayari, moja likiwa na machozi.

"Ni mimi," alisema. "Nusu kibuyu. Nilitaka Anko akosee."

Mutai alirudisha funguo mfukoni, polepole, kama mtu aliyesahau kuwa ana mfuko. Chepkirui alivua viatu vya kanisani, akavipanga ukutani, akafungua bomba na kuchukua mpira wa maji.

"Nusu kibuyu," alisema, maji yakianza kutiririka. "Miezi miwili uozo wote huu, nusu kibuyu?"

Jerotich alitazama vidole vyake vya miguu.

"Ile nusu nyingine nilimimina wiki iliyofuata, chini ya plastiki," alisema. "Anko aliposema panya, nilitaka nione mara ya pili atasema mnyama gani."