Zimwi la Jiwe la Mwito

Mnasema nina meno kama majembe. Mnasema nina jicho la pili kisogoni, na kwamba ndani ya ngoma yangu nimefungia mtoto wa watu anayeimba nikiipiga. Nimeyasikia yote, maana mnapita hapa mkiyasimulia kwa sauti kubwa kujitoa hofu. Nimechoka kuyasikia. Leo ngoja niseme mimi, halafu mtaendelea na yenu.

Jina langu ni Elinuru. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu, ukipanda kutoka Lushoto kwenda Magamba. Bibi yangu alikuwa mwita, na kazi ya mwita ni hii. Ukungu wa huku haupigi hodi. Mtu anaokota kuni, jua liko, mara haoni hata kiganja chake, na makorongo yamemzunguka. Kwa hiyo kila aliyeingia msituni alipita kwanza kwenye Jiwe la Mwito, pale njia inapoanza, akaigusa ngoma kwa kiganja na kutaja jina lake. Ukungu ukishuka, mwita alipiga ngoma na kuita majina, na watu wakaifuata sauti mpaka jiweni. Aliyefika alisema, "Nimetoka," naye akaachiwa aende zake.

Mwita haondoki mpaka wa mwisho aitike. Akiondoka kabla, msitu unamchukua aliyebaki, na hata mfupa wake hauonekani. Wakati anaita, njaa haimuui wala baridi haimgusi, kwa sababu msitu wenyewe unamtunza. Bibi aliniambia hayo. Kwamba msitu nao unachukua chake kidogo kidogo, hilo hakuniambia, labda kwa kuwa yeye hakuwahi kukaa jiweni zaidi ya usiku mmoja.

Alipokufa nilikuwa na miaka kumi na saba, na ngoma ikawa yangu. Sikuiomba. Nilitaka kuwa mwalimu, nivae viatu vya kufunga na kamba. Lakini mama alisema ni mwaka mmoja tu, mpaka apatikane mwingine, na mimi nilikuwa mtoto wa kuambiwa. Mdogo wangu Bertha hakuwa hivyo. Bertha alikuwa akicheka, akisema nitaolewa na ngoma nizae vijiti.

Zikaingia siku za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Kabla ya hapo sabuni ilikuwa ya kutafutwa kwa udi na uvumba, kisha ghafla vitu vikajaa sokoni, na watu nao wakawa hawana muda. Zamani kila kaya ilimletea mwita mahindi, maharage na mapeasi. Sasa kila debe la mapeasi lilishuka Mombo, kwenye barabara kuu, kuuzwa kwa abiria wa mabasi. Siwalaumu sana. Ila walikuwa wakipita jiweni wanagusa ngoma kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima moto wa pasi.

Wakaja wapasuaji mbao, wageni kutoka bara huko, na bosi wao Cosmas aliyekuwa na lori. Walitaka mpishi, Bertha akajitosa. Asubuhi ile aligusa ngoma kwa kiganja chote, akataja jina lake vizuri kuliko siku zote, akanitazama kidogo. Nilidhani amebadilika. Kumbe alikuwa ananiaga, na mimi nikamwambia asisahau kunirudishia kitana changu.

Jioni ukungu ulishuka. Nikaita, watu wakatoka mmoja mmoja, wakaitika. Bertha hakutoka. Niliita mpaka asubuhi, na asubuhi nikaendelea.

Nilichokuwa sijui ni kwamba wapasuaji walikuwa wamekata njia yao ya lori upande wa pili wa mlima, isiyopita jiweni. Bertha alishuka kwa njia hiyo akiwa amekaa juu ya mbao. Katika maisha ya watu wetu, hakuna aliyewahi kutoka msituni kwa mlango mwingine. Hatukuwa na neno la jambo hilo wala sharti lake.

Mama akawa ananiletea ugali jiweni. Mwanamke mmoja muuza kabichi akasema amemwona Bertha Mombo, anawachemshia chai madereva. Mwingine akasema hapana, yule ni msichana wa Korogwe anayefanana naye. Mama alinisihi nishuke. "Mwenzio amekwenda zake, Elinuru. Shuka ule, uoge, ulale," alisema.

"Umemwona kwa macho yako, mama?"

Alikusanya vyombo vyake akaondoka, na mimi sikushuka. Ningeshukaje kwa maneno ya sokoni? Kama yule wa Mombo si yeye, basi kushuka kwangu kungekuwa ndiko kumuua mdogo wangu. Nilikaa. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa nimemkasirikia, na vyote viwili vilinibana palepale.

Siku zikawa miezi, miezi ikawa miaka. Ugali uliacha kuja. Nilianza kuingia msituni nikimtafuta, ngoma mgongoni, nikiita, maana sharti linamkataza mwita kushuka nyumbani, si kuingia ndani. Kuvu ikanishika nywele. Kucha zikawa ngumu na nyeusi. Sauti ikaniharibika kwa kuita, ikawa ya kukwaruza. Watoto walionikuta njiani walikimbia wakaenda kusema, na waliosimuliwa wakaongeza meno. Hata mpasuaji mmoja aliacha msumeno wake kwenye shimo la kupasulia mbao akakimbia, mwanaume mzima mwenye ndevu.

Ndipo likazaliwa lile sharti lenu. Ukisikia ngoma msituni, kimbia. Ukisikia jina lako, usiitike. Mkawafundisha watoto kabla hata ya salamu. Mimi niliyekuwa nangoja neno moja tu nishuke nyumbani, mkalifanya neno hilo kuwa mwiko.

Sasa sikilizeni siku ile. Nilikuwa kwenye miti mikubwa ya mikulo juu ya jiwe, nikaona mwanamke anapanda na mtoto wa kike. Amevaa sweta la mitumba lenye vifungo vya rangi ya dhahabu na amenenepa vizuri. Alikuwa anavuta mguu wa kushoto kidogo, kama alivyouvuta tangu alipoanguka kwenye mti wa plamu tukiwa wadogo. Bertha alikuwa mzima. Alikuwa mzima miaka yote ile, anakula, anazaa, anachagua sweta.

Nililia, na sijui nililia furaha au hasira. Kisha nikakumbuka kwamba nimemwona kwa macho yangu. Kwa hiyo nilikuwa huru, ningeweza kushuka jioni ileile. Lakini walikuwa wamekuja kumwokotea mama kuni. Walipita jiwe mbio bila kusimama, wakaingia ndani, na ukungu ukashuka nyuma yao. Uhuru wangu ulikuwa wa muda wa kuvuka njia.

Nikakimbilia jiweni, nikapiga ngoma, nikaita, "Bertha. Bertha, itika."

Nilimsikia akimwambia mtoto wake, "Witness, shika mkono wangu. Usiseme kitu." Kisha nikasikia miguu yao ikikimbia. Ilikuwa inakwenda mbali nami, kuelekea korongo. Nikapiga kwa nguvu zaidi, nao wakakimbia zaidi. Ilinichukua muda kuelewa, maana akili iliyochoka ni nzito: kila nilipoita ili niwatoe, nilikuwa nawasukuma korongoni.

Nikanyamazisha ngoma. Sikuwahi kufanya hivyo mtu akiwa bado ndani. Nilijua nina dakika chache kabla msitu haujachukua chake. Nikateremka kwa njia ya ngedere, nikapanda upande wa pili, mpaka nikawa nyuma yao kabisa, kati yao na korongo. Mtoto alikuwa analia kimyakimya. Bertha alikuwa anapapasa hewa, mguu wake hatua chache tu kutoka ukingoni.

Ningeweza kumwambia kwa upole kwamba ni mimi dada yake. Sauti ya upole sikuwa nayo tena, na hata ningekuwa nayo asingeamini. Kwa hiyo nikawapa walichokuwa wanakijua. Nikanguruma. Nikapiga ngoma kwa ngumi, nikasema maneno yaleyale mnayonisingizia, kwamba nasikia harufu ya mtu, kwamba leo nitakula nyama na kutafuna mifupa. Wakageuka wakakimbia, safari hii kuelekea nyumbani. Wakipotoka kushoto, nilitokea kushoto nikanguruma. Wakienda kulia, niliwahi kulia. Niliwaswaga kama mbuzi mpaka jiweni.

Hapo Bertha alisimama, mkono wake juu ya jiwe, anahema. Mtoto akamuuliza, "Mama, mbona zimwi linalijua jina lako?"

Nilikuwa nyuma ya mkulo, karibu kiasi cha kumgusa. Bertha akatandaza kiganja chake chote juu ya jiwe, pale ngoma ilipokuwa ikikaa, kama asubuhi ile. Midomo yake ikafunguka. Nikangoja.

"Usigeuke nyuma," akamwambia mtoto, akambeba, wakaondoka.

Basi. Nilikuwa huru tena, na nilidhani hakuna aliyebaki ndani. Niliwafuata kwa mbali mpaka kwenye miplamu ya nyumbani. Majirani walikuwa wamejaa uani, na Bertha anaeleza huku analia jinsi zimwi lilivyowafukuza, na mama, amezeeka, anamfunika mjukuu wake kwa kitenge. Mlango ulikuwa wazi. Niliona kiti cha bibi. Nilinusa chai ya mchaichai. Nilitamani kuingia.

Lakini nilifikiria. Nani anagusa ngoma siku hizi? Nani ataitika? Desturi mmeiuza pamoja na mapeasi, na kilichobaki kinachowatoa watu msituni ni kuniogopa mimi. Nikiingia mle ndani, nikaoga, nikanyoa kuvu hii, watajua kwamba zimwi ni Elinuru tu, yule mkubwa wake Bertha. Wakinijua hawatakimbia, na wasipokimbia hawatatoka.

Nikiwa bado nimesimama pale, mama mmoja akaanza kuuliza kama kuna aliyemwona mwanawe Danieli, aliyekwenda msituni kutafuta mbuzi tangu mchana. Watu wakatazamana. Hakuna aliyeinuka. Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye paa la nyumba.

Nilikaza mkanda wa ngoma begani, nikarudi msituni nikizungukia kwa nyuma, upande wa korongo.