Kauboi wa Malagarasi na Wimbo wa Sita

Mimi nikisikia wimbo mbaya siwezi kukaa kimya. Wengine wana pumu, wengine wana vidonda vya tumbo, mimi nina hilo. Naitwa Didas, nauza vipuri vya pikipiki sokoni Kasulu, na wateja wangu wanajua kwamba ukija kununua cheni utaondoka na cheni pamoja na maoni yangu juu ya albamu iliyotoka wiki hiyo. Hukuniuliza, najua. Utaondoka nayo hivyo hivyo.

Nina kundi la WhatsApp linaitwa Masikio ya Kasulu. Albamu ikitoka, iwe bongo fleva, iwe kantri ya Wamarekani, naisikiliza halafu natuma voisi. Sipendelei mtu. Bebi Tanashati alipotoa ile yake ya nyimbo ishirini na mbili nilisema wazi: nyimbo ishirini na mbili, na zote anambembeleza mwanamume mmoja asiondoke. Dada, mwache aende, na sisi tupumzike. Mashabiki wake walinitukana mpaka wakachoka. Buck Delaney naye, yule Mmarekani wa kofia ambaye nimekua nikimsikia kwenye redio ya marehemu baba, alipotoa albamu mpya yenye ngoma za kompyuta nilimwambia mzee umezeeka vibaya, vua hiyo kofia. Hakunisikia, yuko kwao huko. Nilimwambia tu.

Watu wa Dar wanashangaa wakisikia tunapenda kantri. Waje Jumapili baada ya misa wapite mitaani kwetu. Gitaa linalia, Mmarekani analalamikia mke na mbwa, na mama wa Kiha anapepeta maharage huku akiitikia kwa kichwa. Maneno mengi hatuyaelewi, lakini uchungu wake tunauelewa vizuri.

Claudine nilimpata humo humo kwenye kundi. Ananunua maharage kwao Kibondo na kuyauza Kasulu, na ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia, "Didas, hapo umechemsha, rudi usikilize ubeti wa pili." Nikarudi, nikakuta kweli nimechemsha. Mwanamke wa namna hiyo ukimwacha una matatizo. Tukakubaliana nipeleke posa kwao baada ya mavuno.

Sasa, kabla ya mavuno, mwanachama mmoja wa Kibondo akarusha albamu nzima kwenye kundi. Mwimbaji anajiita Kauboi wa Malagarasi. Kantri ya Kiswahili, nyimbo nane. Nikakaa dukani, nikasikiliza, na mdomo ukaanza kuniwasha.

"Ndugu wanakundi," nilisema kwenye voisi, "wimbo wa kwanza kauboi wetu amepanda farasi kutoka Kibondo mpaka Kakonko. Aliyewahi kuona farasi Kibondo anyooshe mkono. Wa pili, gitaa halijakazwa nyuzi, linalia kama mlango wa choo. Wa tatu anasema yuko mpweke jangwani. Jangwa gani, baba, na mvua hizi za Kigoma? Wa nne ni ule ule wa kwanza, katoa farasi kaweka lori. Wa tano mtu analia msibani, kinanda kinapiga honi. Huyu kauboi hata ng'ombe wake mwenyewe wangemkimbia." Nikatuma, nikaenda kula.

Ile voisi ilitembea. Ilifika Buhigwe, ikafika Kakonko, ikaingia mpaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na Wakongomani, watu wanaoujua muziki, wakawa wanarushiana wakisema huyu bwana ana masikio. Kibondo ndiyo usiseme, watoto walikuwa wanaimba habari za ng'ombe kukimbia. Kichwa kilinivimba. Nilikuwa bado nimevimba hivyo Claudine aliponipigia simu.

"Didas, umeyatimba."

"Nimefanya nini tena?"

"Yule kauboi ni data."

Kwao baba wanamwita data, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Mzee Nduwayezu, mkulima wa mihogo, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa amerekodi kwa siri kwenye studio moja ndogo ili awashangaze watu kwenye harusi ya binti yake, lakini ikavuja, na sasa Kibondo yote inajua ni yeye. Yaani harusi yangu mimi. Nilikaa chini juu ya tairi.

"Anajua ni mimi?"

"Jina halijui. Sauti anaijua. Anakaa peke yake na simu anaisikiliza, mpaka namwonea huruma. Ukija, mwambie mwenyewe. Ila usije kwetu ukajifanya mtu mwingine, Didas. Hilo ndilo litakalonikera."

Nilikuwa tayari kumwambia, naapa. Aliyenigeuza ni baba mdogo, Makarius, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu. Baba mdogo Makarius ana ulimi wa asali, angeweza kumuuzia mtu mvua masika.

"Sikiliza, mwanangu," aliniambia. "Kwa mila, mwoaji hasemi. Anayesema ni mshenga. Wewe utakaa, utainamisha kichwa, utapewa mke. Hii mila wazee waliiweka kwa ajili ya watu kama wewe."

"Na baada ya harusi, baba mdogo? Nitakuwa bubu mpaka lini?"

"Baada ya harusi ameshakuwa mkweo. Atakupeleka wapi?"

Nikaona ina akili. Siku ilipofika tukavaa, tukaenda Kibondo.

Wenyewe walikuwa wametufungia turubai uani, viti vyao vinatazamana na vyetu, na katikati chungu cha pombe chenye mirija mirefu ya kunywea. Msemaji wa upande wao alikuwa mjomba wa Claudine, Havyarimana, mtu mrefu mwenye utani mkavu. Akatuambia kwamba tumepotea, Kasulu tumeiacha nyuma. Baba mdogo akamjibu kwamba tumeifuata harufu ya maua mpaka hapa, na hatutoki bila kuliona lenyewe. Watu wakacheka, mambo yakaanza kuwa mazuri.

"Mbona kijana wenu hasemi?" akauliza Havyarimana. "Ana meno kweli?"

"Anayo yote. Ni adabu tu," akasema baba mdogo.

Shangazi yake Claudine, Esteri, mama wa kitenge kikubwa anayeheshimiwa na ukoo mzima, akasema siku hizi vijana wenye adabu ni shida kuwapata. Nilizidi kuinamisha kichwa.

Hapo ndipo Mzee Nduwayezu alipotoka ndani. Alikuwa amevaa kofia ya kauboi, pana, imemfunika mpaka mabega, na mkononi amebeba spika.

"Wageni wangu," akasema kwa upole, "kabla hatujaongea ya binti, msikilize kazi yangu kidogo."

Aliweka wimbo wa kwanza. Farasi akatoka Kibondo kwenda Kakonko. Akaweka wa pili, na ule mlango wa choo ukaanza kulia. Nilibana meno mpaka taya likaniuma. Kila nyuzi zile zilipopigwa mguu wangu ulikuwa unaruka wenyewe. Baba mdogo akanikanyaga. Wa tatu, wa nne, na ulipofika wa tano kile kinanda kikapiga honi yake, nikafumba macho.

Mzee akazima. "Mnaonaje?"

"Safi sana, mzee," wakasema upande wao.

"Safi sana," wakasema upande wetu. Baba mdogo, Mungu amsamehe, akaongeza kwamba Wamarekani wenyewe hawajafika hapo.

"Na mwoaji anaonaje?"

"Mwoaji amefurahi mpaka ameishiwa maneno," akasema baba mdogo. Na mimi, Didas, nikaitikia kwa kichwa. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote niliyowahi kutukanwa kwenye kundi.

Mzee akaonekana kama mtu aliyechoka ghafla. Akasema haya, mleteni binti.

Claudine akatoka amevaa vitenge, amependeza mpaka nikasahau kinanda. Alikuwa amekaa dirishani muda wote, kila kitu alikuwa amekisikia. Kwa desturi anaulizwa kama wageni anawajua, naye anamwendea mwoaji, anasema namjua, shughuli inasonga mbele. Havyarimana akamuuliza. Claudine akaja taratibu mpaka mbele ya kiti changu, akanitazama juu mpaka chini.

"Huyu simjui," akasema.

Baba mdogo akaanza kucheka ili ionekane ni utani, lakini hakuna aliyemfuata.

"Mnamjua Didas, ninayempenda?" Claudine akaendelea. "Huyo wimbo wa pili tu usingeisha, angekuwa ameshasimama. Huyu amekaa nyimbo tano anaitikia kwa kichwa. Sijui mmemtoa wapi. Mrudini naye."

Mimi nikajua hatanii. Baba mdogo akanishika goti, akaminya. Nikausukuma mkono wake, nikasimama.

"Mzee," nikasema, "gitaa halijakazwa nyuzi."

Ile kofia ikanigeukia polepole. "Sema tena."

"Gitaa, mzee. Wimbo wa pili. Na Kibondo farasi hakuna."

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Naomba radhi kwa maneno ya ng'ombe, yale nilitaka watu wacheke. Ya gitaa siwezi kuyaombea radhi."

Shangazi Esteri akanyanyuka, akaichomoa mirija yote kwenye chungu, maana kwao mkishagombana hamnywi chungu kimoja. Wa upande wetu wakaanza kutafuta viatu. Nilimtazama Claudine, nikaona kabisa mke anakwenda.

Mzee Nduwayezu akainua mkono, watu wakatulia.

"Kwenye ile voisi ulisema wa kwanza mpaka wa tano," akaniambia. "Wa sita hukuusema. Nikadhani imekatika, nikarudia, nikarudia. Hawa wote wananiambia safi sana. Majirani safi sana, kanisani safi sana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia wa sita. Nikasema basi yule mwenye mdomo mchafu ndiye atakayeniambia ukweli. Wa sita ukoje?"

"Sema mzuri," baba mdogo akaninong'oneza. "Mwanangu, nakuomba, sema mzuri tu."

Lilikuwa neno moja tu, na mirija ingerudi. Claudine alikuwa ananitazama.

"Sijui, mzee," nikasema. "Sikufika. Nilizima kwenye wa tano, nikaenda kula."

Havyarimana alicheka peke yake, akajikohoza. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Aliinama kwenye spika, akaweka wimbo wa sita.

Humo hakukuwa na farasi. Hakukuwa hata na gitaa. Ilikuwa sauti yake tu, kwa Kirundi, lugha yake ya kuzaliwa, na kwa kuwa Kirundi na Kiha ni ndugu, sisi Waha hatukuhitaji mkalimani. Alikuwa anamwimbia mama yake Claudine, ambaye ni marehemu. Anasema mkewe alikuwa akimwita kutoka jikoni aje kula, na sauti inafika mpaka shambani, na mpaka leo saa ile ikifika yeye husimamisha jembe akasikiliza. Ubeti wa pili ulipoanza tu, kinanda kikaingia na honi.

"Zima, mzee," nikasema. Sijui nilipata wapi ubavu. Akazima. "Kinanda kitoke."

"Kijana wa studio alisema bila kinanda hauuziki."

"Kijana wa studio Kirundi anajua?"

"Hajui. Ametoka Dodoma."

"Sasa yeye ataelewa nini? Imba hivyo hivyo."

Akavua kofia, akaiweka kitini. Akaimba pale uani bila spika, tangu mwanzo mpaka mwisho, na sauti yake ilikwaruza kidogo mahali pa jembe, na hapo ndipo ilipokuwa nzuri zaidi. Shangazi Esteri alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Mzee alipomaliza wote wakanigeukia mimi, wakisubiri niseme. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilikuwa nalia kama mtoto aliyeachwa sokoni, mbele ya wakwe, na shati jipya.

Mzee akanitazama, kisha akamtazama baba mdogo. "Mshenga," akasema, "kumbe ulisema kweli. Ameishiwa maneno."

Havyarimana akajikohoza tena, akakaa wima kama msemaji anavyotakiwa kukaa. "Binti, nakuuliza mara nyingine. Huyu unamjua?"

"Namjua," akasema Claudine, na akaja akasimama pembeni yangu.

Shangazi Esteri akairudisha mirija chunguni, mmoja mmoja, huku akijifuta pua. Mzee akanivuta mkono, tukainama pamoja tukanywa, vichwa vyetu vinakaribia kugongana.

"Harusini nitauimba huo mmoja tu," akasema.

"Bila kinanda."

"Bila kinanda." Akajipangusa midomo, akaichukua kofia yake kitini, akaivaa vizuri, akaisogeza spika karibu na mimi. "Haya. Sasa tuusikilize wa saba."

Baba mdogo Makarius akafumba macho.

"Huo una farasi?" nikauliza.

"Wawili," akasema mkwe wangu.