Pua ya Kobe

Mdogo wangu Nyamizi hakuwahi kufuga hata kuku wake mwenyewe, na aliogopa kobe wake wa kwanza asije akamfia. Nikamwambia aniachie mimi kuchagua. Sisi ni watoto wa wafugaji; ng'ombe mzima namjua kwa kumtupia jicho.

Kwa Luhende, mfugaji wa kobe mwenye kibali huko Sapiwi, kobe wanne walikuwa wakila majani uani. Wa tano, mkubwa kuliko wote, alikaa peke yake bandani. Nikadhani ametengwa kwa heshima, kama dume la mbegu.

"Huyu!" nikasema. "Tazameni pua ilivyolowa. Mzima kabisa."

Luhende akacheka hadi akashika kiuno. "Kaka, hapa si mnadani! Pua ya ng'ombe ikilowa, mzima. Ya kobe ikilowa, ana mafua. Ndiyo maana nimemtenga."

Masikio yaliniwaka. Nyamizi alikuwa ameshachuchumaa uani, mbele ya kobe mdogo mwenye pua kavu, anayetembea amenyanyua tumbo.

"Kaka, nichukue huyu?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, nilimtazama Luhende kabla ya kujibu. Akaitikia kwa kichwa.

"Mchukue," nikasema.