Alikuja Kulitoa Jina Lake

Mwandishi aliingia chumba cha uhariri akiwa amenuna tangu nyumbani, na alikuwa amenuna kwa makusudi. Alijua kwamba akitabasamu tu, watu wa filamu watamfanya shangazi yao, wampe chai, wampake mafuta kwa mgongo wa chupa, na mwisho wa siku atatoka pale amekubali mambo ambayo hajayakubali. Mkononi alikuwa na nakala ya riwaya yake, *Kitanda cha Dirishani*, imechakaa mgongo na kuchomekwa vipande vya karatasi kila mahali. Kila kipande kilikuwa kosa. Kosa la filamu, ieleweke, si la kitabu. Kitabu hakikuwa na kosa, na kama kulikuwa na mtu mwenye wazo tofauti, basi alikuwa na akili ya kutolisema mbele yake.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, ukuta umefunikwa sponji la kuzuia mwangwi, pazia zito limezuia jua la mchana. Mezani palikuwa na skrini mbili, nyaya zilizosokotana, na kikombe ambacho kahawa ilikuwa imekauka ndani mpaka ikapasuka. Kwenye kiti cha magurudumu alikaa mhariri wa filamu, hedifoni shingoni. Huyo alikuwa binti yake wa pekee.

"Shikamoo, Mama," binti alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Washeni hilo balaa lenu tulione."

Mwongozaji wa filamu, ambaye kila mtu alimwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake, aliruka kumsogezea kiti.

"Mama, karibu sana. Yaani leo ni heshima kwetu, hapa tumekuwekea..."

"Nimekiona kiti, baba. Nina macho."

Kofia akacheka peke yake. Alikuwa na sababu ya kucheka hata pasipochekesha. Mkataba ulimpa mwandishi haki moja tu, nayo ilikuwa kubwa: filamu ikikamilika, aitazame, na kama haikumridhisha, aliondoe jina lake na jina la riwaya. Wasambazaji nao walikwisha kusema wazi kwamba filamu hiyo wanaichukua kwa ajili ya riwaya, maana riwaya ilisomwa mashuleni na kila mtu aliijua. Bila jina la mwandishi, hakuna filamu. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya binti, na mwezi mzima alikuwa akimpigia mama yake simu kumbembeleza asilitoe. Siku moja alilia kwenye simu, na mama yake akamuuliza kama ana mafua.

Kofia akazima taa.

Riwaya ilianza na dirisha. Kurasa kumi na mbili za dirisha, mwanga unaingia, mwanga unatoka, mgonjwa kitandani anahesabu vivuli; wahakiki walizisifu mno kurasa hizo. Filamu ilianza na gari.

"Gari la nani hilo?" mwandishi aliuliza.

"La mume, Mama," Kofia alinong'ona. "Anarudi kutoka hospitali na majibu."

"Hakuwa na gari."

"Ni la kukodi."

"Na huo muziki unalia nini? Mtu hata hajafika nyumbani, ninyi mmeshaanza matanga!"

Binti hakugeuka. Mwandishi aliendelea kutoa povu gizani, akitaja mapungufu moja baada ya jingine. Shati la mume lilikuwa jipya mno. Mke alipaka wanja wakati mke wa kitabuni hakuwa na muda hata wa kuchana nywele. Mazungumzo yaliyomgharimu sura nzima yalikwisha kwa watu wawili kutazamana juu ya ndoo. Hiyo ndiyo filamu bwana, aliwaza kwa hasira: mtu anakupikia sufuria nzima, wewe unafunua kifuniko, unawanusisha watu mvuke, halafu unawauliza kama wameshiba.

Kisha mlango wa jikoni ukafunguka kwenye skrini, akaingia msichana mdogo mwenye sare ya shule.

Mwandishi alikaa wima. "Huyu mtoto ametoka wapi?"

Kofia alimgeukia binti.

"Nauliza. Kwenye riwaya yangu hakuna mtoto. Kuna mke, mume na ugonjwa. Basi! Nani kaleta mtoto?"

"Mama, unajua kwenye skrini," Kofia alianza, "watazamaji wanahitaji mtu wa kumshika..."

"Wakashike watoto wao."

Riwaya ile ilikuwa kifo cha mumewe mwenyewe, na hilo hakulificha. Aliuandika ugonjwa kama ulivyokuwa, nyumba kama ilivyokuwa, mpaka bawaba ya mlango iliyokuwa ikilia. Kitu kimoja tu alikiacha nje. Wakati baba yake anaumwa, binti alikuwa darasa la tatu, analala chumba cha pili, na kitabuni hakuwamo kabisa, hakuzaliwa. Mwanahabari mmoja alipomuuliza sababu, alijibu kwamba mtoto angeuharibu ukimya wa nyumba ile. Watu waliupenda mno ule ukimya. Binti aliyasoma mahojiano hayo alipofika sekondari, hakusema kitu, na mama akachukulia kuwa ameelewa mambo ya sanaa.

Filamu ikasonga. Mgonjwa akadhoofu. Mwandishi alikuwa anatafuta kalamu kwenye mkoba ili aongeze kosa jingine, mke wa kwenye skrini alipokaa kwenye ngazi ya jikoni, kanga imemteleza begani, na sauti yake ikasema taratibu juu ya picha:

*Tulikizoea kikohozi chake mpaka kikawa kinatulaza. Kilichokuwa kinatuamsha ni ukimya.*

Kalamu ilibaki mkobani. Mwandishi alihisi macho yanapata moto. Alimwona mumewe. Si yule mwigizaji mwenye shati jipya. Mumewe hasa, na mifupa ya mabega yake, na mkono wake uliokuwa wa baridi hata wakati wa joto. Ndiyo hiyo, aliwaza. Hiyo ni kazi yangu. Wamekata, wamebomoa, wameleta gari na mtoto, lakini hapo wameshindwa.

Taa zilipowashwa alikuwa ameshajifuta macho, na uso umerudi mahali pake.

"Nitasema kwa ufupi," alisema, na hapo Kofia akajua haitakuwa fupi. Alipitia kipande kwa kipande, akisoma kitabu, akielekeza kidole kwenye skrini iliyozimwa kana kwamba nayo inamsikiliza. Gari. Muziki. Wanja. Ndoo. Mtoto. Alipofika kwa mtoto alikaa hapo muda mrefu. Alisema mtoto yule amewekwa kuwaliza watu wavivu, kwamba anayeshindwa kuonyesha uchungu wa watu wazima ndiye hukimbilia kumkamata mtoto na kumminya mashavu mbele ya kamera. Alisema hivyo akimtazama Kofia. Binti alikuwa anakwaruza kahawa kavu kikombeni kwa ukucha.

"Kwa hiyo jina langu nalitoa," alimaliza. "Na la kitabu. Tena na ile sentensi ya kikohozi mtaitoa. Hicho ndicho kitu pekee kizima katika filamu yenu, na ni yangu. Hamwezi kunivunjia nyumba halafu mkabaki na mlango."

Kofia alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa cha kawaida tu. "Mama, ile sentensi..."

"Kofia, nyamaza," binti alisema. Kisha, kwa mama yake: "Iko ukurasa gani?"

"Unaniuliza mimi ukurasa? Nakumbuka hata nilipokuwa nimekaa nilipoiandika. Meza ya jikoni. Mvua inanyesha. Niliifuta mara tatu kabla haijakaa."

"Sawa. Itafute."

Mwandishi alilamba kidole akafungua. Alikwenda moja kwa moja kwenye sura ya hospitali, haikuwamo. Akaenda sura ya baada yake. Alikijua kitabu chake kwa moyo, aliwahi kukisoma hadharani hadi akachoka na sauti yake, kwa hiyo hakuwa na haja ya kupekua hivyo, na jinsi alivyozidi kupekua ndivyo vipande vya karatasi vilivyozidi kudondoka sakafuni. Alikipata kikohozi. *Alikohoa usiku kucha, na mke akakiona kikohozi kile kikipaa kama ndege weusi kuelekea dirishani.* Ndege! Alisoma tena. Siku zote alikuwa akiwapenda ndege wale.

Kofia hakuweza kuvumilia. "Mama, sisi tukihariri, kabla mwigizaji hajaja kurekodi, mhariri anajisemea mwenyewe maneno yoyote hapa kwenye maiki ili kujaza nafasi. Tunaiita sauti ya muda. Hapo palikuwa patupu, kitabuni hatukupata kitu, kwa hiyo akajirekodi. Mimi nikasikia nikasema hii haibadilishwi hata nukta. Mwigizaji alisoma tu alichoachiwa."

Mwandishi hakumtazama. Alimtazama binti yake. "Uliitoa wapi?"

"Kitanda changu kilikuwa kimeegemea ukuta wa chumba chenu."

"Ulikuwa unalala."

"Wewe ndiye uliyekuwa unalala, Mama. Ulikuwa umechoka, mchana kutwa unamhangaikia. Sikulaumu hata kidogo. Lakini kwenye kitabu mke halali. Kurasa zote zile, hafumbi jicho."

Ilikuwa kweli, na ilimchoma. Alijiona tena na ile meza ya jikoni na ile mvua, picha kamili mpaka sauti ya matone, na akaona kwamba angeweza kuiapia mahakamani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Na chini ya aibu kulikuwa na jambo jingine baya zaidi: alikuwa bado anaitaka ile sentensi.

"Basi," alisema, akafunga kitabu. "Tusivutane. Jina libaki."

"Afadhali!" Kofia alipumua, akavaa kofia yake kwa mikono miwili.

"Halibaki," binti alisema.

"We!" Kofia aligeuka. "Unasema nini? Wasambazaji watatukimbia!"

"Wakimbie. Ameshalitoa."

"Nimelirudisha," mwandishi alisema. "Usijiharibie maisha kwa kutaka kunikomoa mimi."

"Umelirudisha kwa sababu umekuta humo ndani kuna kitu kizuri. Ulipodhani ni kibaya ulikuwa radhi kife. Mwezi mzima nimekulilia."

"Mimi ni mama yako."

"Hata hilo kitabuni halimo."

Kofia alianza kuokota vipande vya karatasi sakafuni, kazi ambayo hakuna aliyempa. Mwandishi alikiweka kitabu mapajani. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo, na hakuwa anaigiza.

"Baba yako akinyamaza, ulikuwa unafanya nini?"

Binti alikiweka kikombe mezani. "Nilikuwa nagonga ukuta. Mara moja, kwa kidole. Naye anagonga."

"Kila siku?"

"Kila akinyamaza. Akigonga, nalala."

"Na alfajiri ile?"

"Niligonga mpaka kukakucha. Ukaamka wewe, nikakusikia unamwita."

Mwandishi aliufunika mdomo. Alfajiri ile aliiandika kwa sura nzima, mke yuko macho mwale wa jua unapoingia, wa kwanza duniani kujua kwamba mumewe amekufa, peke yake na lile jua. Watu walimwandikia kutoka mbali kumwambia walivyolia. Kumbe nyuma ya ukuta kulikuwa na mtoto aliyejua kabla ya wote, mwenye kidole kinachouma, na ameikalia siri hiyo tangu darasa la tatu. Alitaka kuinuka amkumbatie. Miguu ilikuwa tayari. Lakini mdomo wake, ambao siku zote ulikuwa mwepesi kuliko moyo, ulitangulia. Alikwisha kuuona ule ukuta, kile kidole, jinsi sura ingeanza.

"Hilo mbona hukuliweka kwenye filamu?"

Binti alimtazama mama yake vizuri, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kwa sababu ungelisikia, ungesema ni lako."

Akavaa hedifoni, akaipeleka filamu mwanzoni, mahali palipoandikwa jina la mama yake, akalifuta.